Watoto Watembee Shule, Lakini Barabara Iwe Yao Pia

Niseme tu wazi: mtoto anayeishi kilomita moja au mbili kutoka shuleni hahitaji gari. Anahitaji viatu vizuri, wenzake wa kutembea nao na njia salama. Akiwa mbali kidogo, baiskeli inatosha.

Tuanze na afya. Shirika la Afya Duniani linasema watoto wa miaka 5 hadi 17 wanafaa kupata kwa wastani angalau dakika 60 za mazoezi ya mwili kila siku. Sasa angalia mtoto wa mjini. Anaamshwa saa kumi na moja alfajiri, anasinzia kwa gari la shule likizunguka mtaa mzima kuchukua wengine, anaketi darasani mchana kutwa, jioni anarudishwa vilevile, halafu ni kazi ya nyumbani na runinga. Hizo dakika 60 atazitoa wapi? Akitembea kwa haraka dakika 20 asubuhi na 20 jioni, tayari ana 40, na hujalipa hata shilingi.

Halafu kuna hewa. Nje ya lango la shule magari yanapanga foleni, injini zinanguruma, na moshi wa dizeli unatokea karibu kabisa na pua ya mtoto. Na kila mtu wa Nairobi anajua shule zikifungwa jam inapungua. Sasa mtaniambiaje safari za shule si sehemu ya shida?

Najua utauliza: kwani unataka mtoto wangu agongwe na matatu? Uko sawa kabisa, na hapo ndipo hasira yangu ilipo. Watoto wengi Kenya hii wanatembea tayari, kwa sababu nauli hakuna. Tunapenda kusimulia vile Eliud Kipchoge alikuwa akikimbia kwenda shule huko Nandi. Poa. Lakini hiyo ilikuwa njia ya kijijini, si Outering Road saa kumi na mbili asubuhi.

Mwaka wa 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera iliyoahidi asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa wanaotembea na wanaoendesha baiskeli. Hebu zunguka mtaani kwako leo uone kama hiyo asilimia 20 imefika.

Tunachohitaji si muujiza. Weka bampu mbele ya kila shule. Dereva, ukifika hapo shuka hadi kilomita 30 kwa saa. Watu wa boda, njia ya miguu ni ya miguu. Wenye magari, pakini kwingine. Na sisi wa mtaa tupange watoto waende kwa kundi, mtu mzima mmoja mbele na mwingine nyuma, kwa zamu. Hiyo haingoji bajeti ya kaunti.

Kutembea kusiwe alama ya umaskini. Siku mtoto wa mwenye Prado atatembea na wa mama mboga kwa njia moja, hiyo njia itatengenezwa haraka sana.