Askari aliyekufa mbali, naye arudishwe kwao

Kila tarehe 1 Agosti, siku ya wazazi, watu wa Kisangani huamka mapema, huchukua majembe na mapanga na kwenda makaburini. Wanafyeka majani, wanasafisha misalaba, wanasimama kimya kidogo, kisha wanarudi nyumbani kula pamoja na wazazi walio hai. Ni siku ya mapumziko katika Congo yote. Lakini ziko familia ambazo siku hiyo hazina pa kwenda. Babu, baba au kaka alivaa nguo ya jeshi akaondoka, na kaburi lake haliko Kisangani, haliko Isangi, haliko Yahuma. Haliko popote panapojulikana.

Tunasema leo kwa ajili ya familia hizo. Askari aliyekufa kwa ajili ya nchi hajapewa heshima kamili mpaka habari yake irudi kwao, na mabaki yake pia kama yanaweza kupatikana. Miaka ikipita mingi, deni halifutiki.

Mfano uko karibu, tena tuliuona kwa macho. Mwezi wa Juni 2022, sanduku lenye jino la Patrice Emery Lumumba lilifika Kisangani. Jino moja tu. Waziri Mkuu wetu wa kwanza aliuawa tarehe 17 Januari 1961 karibu na Elisabethville, Lubumbashi ya leo, na mwili wake ukayeyushwa ndani ya asidi. Polisi mmoja Mbelgiji, Gérard Soete, alijiwekea meno kama mtu anayeficha mali ya wizi. Sheria ya Ubelgiji ilikamata jino hilo mwaka 2016, na tarehe 20 Juni 2022 likakabidhiwa kwa watoto wa marehemu huko Bruxelles. Kutoka hapo lilipelekwa Onalua alikozaliwa, likafika Kisangani, likaenda hadi Shilatembo alikouawa, na mwishoni likazikwa Limete, Kinshasa, tarehe 30 Juni.

Kwa watu wa Tshopo safari hiyo ilikuwa na maana yake. Lumumba alifanya kazi ya posta hapa wakati mji ukiitwa Stanleyville, na alikuwa akikimbilia hapa alipokamatwa kwenye mto Sankuru mwanzoni mwa Desemba 1960. Safari ile aliimaliza baada ya miaka 61, akiwa ndani ya sanduku.

Lumumba hakuwa askari. Tunamtaja kwa sababu siku zile serikali ilionyesha kwamba ikitaka inaweza. Ilipata ndege, ilitangaza siku za kilio, ilifungua viwanja ili watu wapite kutoa heshima. Basi swali letu ni hili: heshima hiyo iishie kwa mkubwa mmoja? Hata Maurice Mpolo na Joseph Okito, waliouawa usiku ule ule pamoja naye, hawakurudi na sanduku lolote. Ikiwa waziri na makamu wa mwenyekiti wa Seneti wanasahaulika hivyo, koplo kutoka kijiji cha Yahuma atakumbukwa na nani?

Na makoplo hao ni wengi. Mnamo Septemba 1916, askari wa Force Publique waliingia Tabora, katika Tanzania ya leo, wakipigana na Wajerumani. Nyuma yao walitembea wapagazi kwa maelfu, na wengi walikufa kwa njaa, uchovu na magonjwa kabla ya kuona adui. Mwaka 1941 askari wa Congo walipita Sudan hadi Ethiopia, wakapigana Asosa na Gambela, na tarehe 3 Julai jenerali wa Italia, Gazzera, akajisalimisha Saio. Wakaaji wa Bukavu wanalijua jina hilo kwa sababu ya kambi Saio. Jina la vita limebaki kwenye kambi, lakini majina ya waliozikwa kule yamebaki wapi?

Mwezi huo huo wa Juni 2022, mfalme Philippe wa Ubelgiji alikuja Kinshasa na kumvalisha nishani Koplo Albert Kunyuku, mzee wa miaka mia aliyepigana katika vita ya pili ya dunia. Tulifurahi kwa ajili yake. Lakini nishani ile ilimkuta mzee mmoja aliyebahatika kuishi. Wenzake waliokufa njiani hawana kifua cha kuvalishwa nishani. Wao wanahitaji kitu kingine.

Wengine walipopoteza watu wao kwenye udongo huu wetu, hawakunyamaza. Novemba 1961, Waitalia 13 wa kikosi cha anga cha Umoja wa Mataifa waliuawa Kindu. Mwaka uliofuata mabaki yao yalitafutwa, yakapatikana, yakarudishwa Pisa. Waayalandi walishambuliwa Niemba, upande wa Tanganyika, Novemba 1960. Mmoja wao, Anthony Browne, hakuonekana. Walimtafuta hadi mwaka 1962 wakampata na kumrudisha kwao. Na jirani zetu wa Tanzania wana habari ya Mkwawa, mtemi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani na kufa mwaka 1898. Fuvu lake lilipelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliagiza lirudishwe katika miezi sita, lakini lilifika Kalenga mwaka 1954. Ilichelewa miaka 35, na bado walilipokea.

Tunajua jibu litakalotolewa. Nchi iko vitani. Goma ilichukuliwa na M23 Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari, na askari wetu wanaendelea kufa. Mwili ulio upande wa adui hauchukuliwi kwa kuomba. Tena mifupa ya mwaka 1916 haiwezi kutambuliwa yote. Hoja hizo ni za kweli. Lakini ni sababu ya kuanza na lile linalowezekana, haziwezi kuwa sababu ya kukaa kimya.

Linalowezekana ni nini? La kwanza ni jina. Kila askari ana nambari ya matrikule, na nyaraka nyingi za jeshi la kikoloni zimehifadhiwa Bruxelles. Serikali iombe nakala, na majina yatolewe eneo kwa eneo: Yahuma, Isangi, Opala, Basoko, Banalia, Bafwasende, Ubundu. La pili ni habari. Askari akifa leo, familia iambiwe na mtu mwenye cheo, kwa barua yenye tarehe na mahali alipolala, isingoje uvumi wa rafiki aliyepiga simu. Mjane bila karatasi hana haki anayoweza kudai. La tatu ni kaburi lenye alama. Ajulikane amelala wapi, ili siku njia itakapofunguka, iwe baada ya mwaka mmoja au hamsini, watu wake waende kumchukua.

Na siku ya kumrudisha, asiishie Kinshasa. Kwenda Yahuma ni kushuka mto mpaka Isangi, kisha pikipiki na barabara mbovu. Tunajua ni kazi. Lakini yeye aliipita njia hiyo hiyo alipoondoka kwenda kutumikia nchi. Hotuba za mji mkuu ni nzuri, lakini wanaostahili kumfunika kwa udongo ni wale wanaojua jina la mama yake.

Zamani katika vijiji vya mto wetu, habari ya kifo haikungoja barua. Ilipigwa kwa lokole, kijiji kikaipokea na kuipeleka kwa kingine, mpaka ndugu wote wakajua nani amekufa na mtoto wa nani. Wazee wetu walifanya hivyo bila simu na bila wizara. Jeshi lenye simu na wizara lisishindwe kuiambia familia moja ya Yahuma mtoto wao amelala wapi.