Jina la kahawa ya Bukoba ni la nani?

Jina la kahawa ya kopo kutoka kiwanda cha Tanica, Bukoba mjini, lina mwenyewe. Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986 inampa aliyesajili alama yake kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) haki ya kuwazuia wengine kuitumia. Mtunzi wa muziki naye analindwa na Sheria ya Hakimiliki ya 1999 maisha yake yote, na miaka 50 baada ya kufa. Mkulima wa Muleba anayeanika kahawa ya maganda hana kinga ya namna hiyo. Jina la Bukoba lilijengwa na vizazi vilivyotafuna buni za kuchemsha kabla ya mkoloni kufika, lakini Tanzania Bara haijatunga sheria mahsusi ya viashiria vya kijiografia, yaani ya kulifunga jina la mahali na zao la hapo. Zanzibar iliweka kinga hiyo katika sheria yake ya 2008, Uganda ikatunga yake 2013. Kahawa yetu ikivushwa kwa magendo kwenda Uganda hugeuka kuwa ya huko, na sisi hatuna hata jina la kudai.

Wapo watakaosema robusta ya Bukoba huishia kuchanganywa viwandani, jina la nini? Hoja ina uzito, ila kinachouzwa bila jina hupangiwa bei na mnunuzi. Ethiopia ilianza mwaka 2005 kuombea majina ya Harar, Sidamo na Yirgacheffe usajili wa alama nchini Marekani, na 2007 Starbucks ikatia saini makubaliano nayo kuhusu majina hayo. Kweli, ile ni arabika, na njia yao ilikuwa alama za biashara. Lakini serikali yao ilisimama kama mwenye jina. Kwetu nani asimame?

Pingamizi zito zaidi ni butura, yaani kuuza kahawa ikiwa bado mtini. Aliyekwisha kuuza hivyo atafaidi nini jina likipanda? Hafaidi kitu, na sheria ya majina haifuti deni. Ndiyo maana jina lishikwe na vyama vya msingi pamoja na Chama Kikuu cha Ushirika cha Kagera (KCU), si wafanyabiashara, na kahawa iliyochumwa mbichi isiruhusiwe kulibeba. Mwenye butura hana sababu ya kungoja iive. Mwenye jina anayo. Wabunge wa Bukoba na Muleba waidai sheria hii ya majina bungeni.