Mgongo Ukikakamaa, Mifupa Nayo Huliwa

Mjomba wangu wa Kaloleni, pale Voi, hageuzi shingo. Ukimwita kutoka nyuma hugeuka mwili mzima, kama mtu aliyebeba mtungi kichwani. Vijana wa mtaani walidhani ni maringo. Sisi wa nyumbani tunajua kuwa alianza kuumwa akiwa na miaka 24: maumivu ya kiuno usiku wa manane, na asubuhi mwili kukakamaa kwa saa nzima. La ajabu ni kwamba akitembea alipata nafuu, na akipumzika ndipo alipozidiwa. Mara aliambiwa ni mizigo mizito, mara ni figo, mara amerogwa.

Ugonjwa wenyewe, mpenzi msomaji, ni aina ya baridi yabisi inayoshambulia uti wa mgongo. Madaktari huuita ankilosing spondilaitisi, na aghalabu huanza kabla ya miaka 45. Huko Ulaya wagonjwa walio wengi wana jeni iitwayo HLA-B27. Kwetu Afrika kusini mwa Sahara jeni hiyo ni adimu, na pengine ndiyo maana ugonjwa huu haufikiriwi upesi. Lakini mtu anaweza kuupata hata bila jeni hiyo.

Mwaka juzi mjomba aliteleza bafuni. Halikuwa anguko la kutisha. Aliinuka mwenyewe, tukamkanda kwa maji moto na dawa ya kuchua. Siku ya tatu miguu ikaanza kufa ganzi. Eksirei ya kwanza haikuonyesha kitu. Ni picha ya CT, aliyopigwa Mombasa, iliyofichua kwamba pingili moja ilikuwa imevunjika.

Nikajiuliza: mtu ambaye mgongo wake umeota mfupa wa ziada hadi pingili zikaungana, anavunjikaje kwa kuteleza tu?

Jibu ni kwamba mfupa huota kwa nje huku ndani ukipungua. Fikiria nguzo iliyopigwa plasta vizuri ilhali mchwa wanaila ndani. Uvimbe wa ugonjwa huchochea chembe zinazomung'unya mfupa, hivyo hata kijana wa miaka 30 huweza kupoteza mifupa kama bibi kizee. Kadiri ugonjwa unavyokuwa mkali na wa miaka mingi ndivyo hasara inavyozidi. Tena mgongo ulioungana hauna mnepo. Ukigongwa hukatika kama kijiti kikavu.

Yapo yanayoongeza moto. Ninaloliogopa zaidi ni steroidi. Vidonge vya prednisolone hununuliwa dukani kama peremende, na zile dawa za unga zisizo na lebo, zinazosifiwa kuponya mgongo kwa siku mbili, mara nyingine huwa zimechanganywa na steroidi. Maumivu hupoa, mfupa huliwa, na mgongo wenyewe haufaidiki sana. Ila aliyezizoea asiache ghafla. Hilo ni la hatari pia. Daktari ampunguzie polepole.

Sigara imo, pombe nyingi imo, kukonda kupita kiasi na kukaa bila kujinyoosha pia. Wenye maradhi ya utumbo yanayoandamana na ugonjwa huu, wanawake waliokoma hedhi, na wale ambao wazazi wao walivunjika nyonga, nao wajihadhari. Kisha kuna upungufu wa vitamini D. Jua la Voi halina haja ya kusifiwa, lakini mjomba alishinda miaka akitunza bohari, akiingia alfajiri na kutoka magharibi. Jua la dirishani halimfai mtu.

Kipimo cha uzito wa mifupa kipo katika hospitali chache za miji mikubwa. Ukibahatika, omba nyonga ipimwe pia, maana ule mfupa ulioota nje ya pingili huweza kudanganya mashine ionyeshe mgongo imara.

Dagaa, maziwa na uji wa wimbi vina madini ya chokaa. Mazoezi ya kujinyoosha kila siku ni dawa, na dawa za kupunguza uvimbe zitumiwe kwa ushauri wa daktari. Wakandaji wanaokunja shingo mpaka ilie, hao wakae mbali kabisa na mgonjwa huyu. Akianguka akapata maumivu mapya, hesabuni kuwa amevunjika hadi ithibitishwe vingine. Abebwe katika mkao wake wa kawaida. Kama shingo imeinama, isinyooshwe kwa nguvu.

Mjomba sasa anatembea kwa mkongojo. Fundi amemtilia chuma cha kushikilia bafuni, na mkeka wa mlangoni umeondolewa. Sigara anasema amebakisha mbili kwa siku. Mkaza mjomba anasema ni tano.