Ngano ya kale si kinga kwa mgonjwa wa siliaki

Kuna watu wanaoshikilia kwamba ngano ya siku hizi imeharibiwa na wanasayansi, na kwamba anayeumwa tumbo kila alapo mkate hangedhurika kama angekula ngano ya mababu. Huko Ulaya na Marekani unga wa ngano za kale, kama vile einkorn, emmer na spelt, huuzwa kwa bei ya juu kwa sababu ya imani hiyo. Kwa walio wengi hilo ni suala la ladha na mfuko tu. Kwa mgonjwa wa siliaki ni suala la afya yake.

Siliaki ni nini? Ndani ya ngano mna protini ziitwazo kwa pamoja gluteni. Ndizo zinazofanya donge la chapati livutike bila kukatika, jambo ambalo unga wa mahindi hauwezi. Sehemu mojawapo ya gluteni, gliadini, haimeng'enywi ikaisha, na vipande vyake hufika katika utumbo mwembamba. Wengi wetu hawadhuriki. Lakini kwa baadhi ya waliorithi jeni ziitwazo HLA-DQ2 na HLA-DQ8, kinga ya mwili huvidhania vipande hivyo kuwa adui ikaanza vita, na anayeumia vitani ni utumbo wenyewe. Vijisehemu mfano wa vidole vinavyofyonza chakula hulika vikawa bapa. Mtoto huharisha, tumbo likafura, akadumaa hata akilishwa vizuri. Mtu mzima aweza kuonyesha upungufu wa damu tu.

Aliyeigundua ngano kuwa chanzo ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke, aliyeanza kuishuku katika miaka ya 1930. Kisha ukaja msimu wa baridi wa 1944 na 1945, nchi yake ikiwa mikononi mwa Wajerumani. Njaa iliwakumba Waholanzi hata wakala vitunguu vya maua. Ajabu ni kwamba watoto wa siliaki walipata nafuu mkate ulipoadimika, na mkate uliporudi, ugonjwa ukarudi nao! Mnamo 1950 Dicke aliandika tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Utrecht.

Sasa turudi kwa ngano ya kale. Einkorn ina seti moja ya jeni, emmer ina mbili, na ngano ya mkate ina tatu. Seti ya tatu ilitoka kwa nyasi ya mwituni iliyochanganyika na emmer mashambani maelfu ya miaka iliyopita, kabla ya maabara yoyote. Mwaka wa 2002 watafiti wa Marekani walieleza kipande cha gliadini chenye asidi amino 33 ambacho vimeng'enya vya tumbo haviwezi kukivunja, na ambacho huichokoza kinga kuliko vingine. Jeni zake zimo katika seti hiyo ya tatu. Kwa hivyo wanaoisifu einkorn wana chembe ya ukweli. Hata hivyo, einkorn na emmer zina gliadini nyingine ambazo kinga ya mgonjwa huzitambua vilevile. Spelt nayo ina seti zote tatu, na sioni inamsaidiaje mgonjwa kwa kuitwa ya kale.

Isitoshe, daktari Mgiriki Aretaeus alieleza maradhi yanayofanana na haya yapata miaka 1,900 iliyopita, na wakati huo hapakuwa na ngano yoyote ila ya kale.

Mgonjwa hana budi kuacha ngano ya kila aina, pamoja na shayiri na rai. Jikoni mwetu hatalala njaa: ugali, wali, wimbi, mtama, muhogo, viazi na ndizi havina gluteni. Ajihadhari tu na mashine iliyotoka kusaga ngano, na mchuzi uliotiwa unga ili uwe mzito.

Ukishuku mwanao ana siliaki, usimwachishe chapati kabla ya kumpeleka hospitalini. Daktari hutafuta kingamwili katika damu, na pengine huchukua kipande kidogo cha utumbo kukitazama kwa hadubini. Mtoto aliyekwisha kuacha ngano kwa miezi kadhaa kingamwili zake hupungua, na kipimo chaweza kumwonyesha mzima ilhali ni mgonjwa.