NASAHA ZA NYUMBANI: DENI LA NG'OMBE MMOJA

 

Tazameni majumbani mwetu. Simu ya kijana imeandikwa Samsung, friji ya mama imeandikwa LG, na gari lipitalo njiani limeandikwa Hyundai. Vyote hivyo asili yake ni Korea Kusini. Samsung ilianzishwa mwaka 1938 na Lee Byung-chul, ikiuza samaki wakavu na tambi. LG ilianza mwaka 1947 kwa mafuta ya kujipaka usoni. Leo Samsung yafanya vyombo vya umeme, yaunda meli, yajenga majumba na yauza bima. Wakorea huyaita makampuni ya namna hii chaebol, yaani ukoo wa mali, kwa kuwa baba huasisi na wana hurithi.

Katika khabari zao mna mambo mawili yatufaayo.

La kwanza ni la Chung Ju-yung, mwasisi wa Hyundai. Alizaliwa mwaka 1915, mtoto wa mkulima maskini, katika upande ambao leo ni Korea Kaskazini. Alipokuwa kijana alitoroka kwao na fedha za ng'ombe aliyeuzwa na babake. Akauza mchele, akatengeneza magari mabovu, na mwaka 1947 akafungua kampuni ya ujenzi. Baadaye akaunda magari na meli, akajenga hata bandari ya Jubail katika Saudia. Mwaka 1998, naye ni mzee wa miaka 82, alivuka mpaka na ng'ombe 500, kisha mwaka huo huo akapeleka 501. Alisema kuwa analipa deni la ng'ombe yule mmoja. Babake alikuwa amekwisha kufa zamani, wala hapana aliyemdai. Lakini yeye hakusahau.

La pili ni la Daewoo, iliyoanzishwa mwaka 1967 na Kim Woo-choong kwa biashara ya nguo. Ilipanuka mpaka magari, meli na vyombo vya umeme. Lakini ilipanuka kwa kukopa. Tena katika makampuni haya ilikuwa desturi kampuni moja kumdhamini ndugu yake, na huyu kumdhamini yule, hata aangukapo mmoja huwavuta wenziwe. Mwaka 1999 Daewoo ilianguka na madeni ya zaidi ya dola bilioni 70. Ikadhihiri kuwa vitabu vyake vya hesabu viliandikwa uwongo. Mwaka 2006 mwenyewe alihukumiwa kifungo, kisha akasamehewa. Maelfu ya wafanyakazi walikuwa wamekwisha kupoteza kazi zao.

Ndugu zangu, aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani ni aya ya deni, katika Suratul Baqara. Haikusema juu ya vita wala ufalme. Imeamrisha deni liandikwe, na mwandishi aandike kwa uadilifu. Nasi twafanyaje? Ndugu humkopesha ndugu pasipo karatasi, kwa kuona haya. Mume hudhamini deni la rafiki yake, na mkewe hajui. Mtu afapo, wadai huja matangani, na wana hawajui lipi kweli na lipi uwongo. Jamaa waliokula sahani moja huishia mahakamani.

Basi nawausieni hivi. Usiku wa leo, baada ya Isha, kila mwenye nyumba na atwae daftari. Aandike anachodai na anachodaiwa, hata kikiwa shilingi elfu ya muuza duka, na amwonyeshe mkewe au mwanawe aliyebaleghe. Na ikiwa liko deni la zamani ambalo mwenyewe amekwisha kufa, walipwe warithi wake. Usingoje mpaka uwe na ng'ombe 1001. Yule mmoja watosha.

Mwenyezi Mungu atusahilishie kulipa madeni yetu kabla ya siku ambayo hayatalipwa kwa fedha. Amin.