Bei ya Kidonge Haitoki Maabara

Mwalimu wa kemia akiulizwa na mwanafunzi kwa nini dawa fulani ni ghali, aghalabu hujibu kwamba utengenezaji wake ni mgumu. Jibu hilo lina ukweli nusu tu. Mnamo mwaka 2000, kumtibu mgonjwa mmoja kwa dawa tatu za kupunguza makali ya UKIMWI kuligharimu dola 10,000 hadi 15,000 za Marekani kwa mwaka. Februari 2001 kiwanda cha Cipla cha India kilitangaza kwamba kingewauzia Madaktari Wasio na Mipaka dawa za namna hiyo kwa dola 350. Kemia haikubadilika katika miezi hiyo. Tofauti ilikuwa katika sheria: India ya wakati ule haikutoa hataza, yaani haki ya mvumbuzi kuwa mwuzaji pekee, kwa dawa yenyewe, bali kwa njia ya kuitengeneza tu.

Mkataba wa haki miliki wa Shirika la Biashara la Dunia, ulioanza kutumika mwaka 1995, huzitaka nchi wanachama kulinda hataza kwa miaka isiyopungua 20. India nayo ililazimika kubadili sheria yake mwaka 2005. Nchi zilizo nyuma kabisa kimaendeleo, Tanzania na Uganda zikiwamo, zimesamehewa sharti hilo kwa upande wa dawa hadi tarehe 1 Januari 2033, isipokuwa zikitoka katika kundi hilo mapema.

Wapo wasemao kwamba pasipo hataza hakuna atakayegharimia utafiti. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Lakini mgonjwa wa Bukoba ambaye kamwe asingeweza kulipa dola 10,000 hakuwa mteja aliyepotea. Alikuwa mgonjwa aliyeachwa afe.

Hata hivyo, msamaha wa sheria hautengenezi kidonge. Uganda ilifungua kiwanda huko Luzira, Kampala, mwaka 2007, kwa ubia na Cipla hiyo hiyo, na hilo ni jambo la kusifiwa. Lakini viwanda vya Afrika Mashariki, kwa sehemu kubwa, hushindilia vidonge kutokana na unga wa dawa ulioagizwa India na China. Kazi ngumu ya kuunda kiini cha dawa hufanywa ng'ambo, na huko ndiko pia bei huamuliwa.

Kwa maoni yangu, muda wa msamaha unapotea madarasani kwanza. Kutengeneza aspirini kutokana na asidi ya salisili ni zoezi la kidato cha tano. Ni shule ngapi zenye asidi hiyo kabatini?