Mvua ya Kyela Haisubiri Betri Yako

Wadau wa mwaka wa mwisho, tuongee kuhusu vipima mvua vinavyojirekodi. Ni mradi mzuri, na Kyela ndiko hasa unakohitajika: kwa mwaka hunyesha zaidi ya milimita 2,000, na Kiwira, Mbaka au Songwe ikifurika, mpunga unaondoka nayo.

Tatizo ni kwamba tunajaribia vifaa Mbeya mjini, kwenye baridi ya mita 1,700 hivi, halafu tunavipeleka ziwani, mita kama 500, joto na unyevu tupu. Umeme ukikatika, kinachoendelea kuhesabu saa ni kale kabetri ka duara. Kakifa, tarehe inarudi nyuma miaka. Mtu wa mafuriko atafanyia nini milimita 80 zisizojulikana zilinyesha lini?

Tupige hesabu. Saa ya kwenye chipu inakula maikroampea 3 hivi. Betri ya CR2032 ina miliampea-saa 220 hivi. Gawanya: masaa 73,000, yaani miaka 8. Kwa mzigo mdogo namna hiyo, usisahau pia chaji inayopotea yenyewe betri ikiwa imekaa tu, na joto huongeza kasi hiyo. Lithiamu isiyochajiwa hupoteza kama asilimia 1 kwa mwaka. LIR2032, inayofanana nayo kabisa lakini ya kuchaji, hubeba kama 40 tu na hupoteza asilimia kadhaa kila mwezi. Zile za redio za bei chee ndio kabisa: kopo lake la zinki huliwa, mwisho humwaga majimaji kwenye saketi.

Halafu kuna mtego. Moduli nyingi za bei rahisi za DS3231 zina njia ya kuchaji betri. Ukipachika CR2032 humo inaweza kuvimba, hata kupasuka. Fumua kwanza rezista ya njia hiyo.

Najua wapo watakaosema, "Si itabadilishwa ikifa?" Na nani? Wewe utakuwa umeshahitimu, kifaa kiko juu ya nguzo Ipinda.

Kwa maoni yangu, siku ya kutetea mradi wasimamizi waongeze swali moja: saa hii itafika mvua za mwaka gani? Asiyekuwa na hesabu yake arudi mezani, hata kama skrini inawaka vizuri.